Mawazo Si Maumivu ya Kichwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema kwa dakika arobaini, kwa sababu sikuiamini treni ndogo ya Scarborough, hapa Toronto. Siku hizi imefungwa, na sisi wa mtaa wa Malvern tuliokuwa tukiipanda baada ya basi hatukushangaa sana. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tisa ya jengo la vioo, kampuni ya kusimamia bima za afya za makazini. Jina lake sitalitaja. Niliapa kutunza siri, na pensheni yao ndiyo inayonilisha.

Nilipewa beji iliyoandikwa Stacy. Jina langu ni Anastazia, mzaliwa wa Tabora, na yule bwana wa utumishi alidai kwamba jina zima halienei kwenye beji. Lilikuwa linaenea, niliwahi kulipima kwa rula. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na tisa, watoto wawili, na cheti cha uhazili ambacho katika mji huu hakuna aliyetaka hata kukiona. Mtu wa namna hiyo hagombani na beji. Nikawa Stacy kwa miaka ishirini na sita.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Msimamizi wa Madai, mama wa Kiismaili aliyezaliwa Mwanza, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Alikuwa mwembamba, miwani yake ikining'inia kwenye mnyororo, na hakupenda watu wanaoongea wakiwa wamesimama. Alisoma fomu yangu, akanitazama, akaacha Kiingereza mara moja.

"Tabora? Basi sisi majirani. Mimi wa Mwanza. Kaa chini."

Nikakaa. Akasogeza mbele yangu rundo la mafaili.

"Kazi yetu hapa ni kusoma. Karatasi hailii, haicheki, wala haina mjomba. Wewe unasoma kilichoandikwa. Ambacho hakikuandikwa hukijui."

Kwa ninyi vijana ambao hamjaifanya kazi hii, nieleze kidogo. Hapa Ontario serikali inamlipia mgonjwa daktari na hospitali. Miwani, meno, dawa nyingi, fiziotherapia ya mgongo, na mwanasaikolojia au mnasihi wa nje ya hospitali, hayo mara nyingi hutegemea bima ya kazini, ile ambayo watu wetu wanaiita benefiti. Mfanyakazi akitibiwa, ombi linaletwa kwetu, nalo linaitwa dai. Kila dai lina msimbo, yaani namba inayosimama badala ya jina la ugonjwa. Mchakataji wa madai, ambaye ndiye mimi, analinganisha msimbo, tiba, na mkataba wa bima. Vitatu hivyo vikikubaliana, dai linapita. Kimoja kikikataa, dai linarudi na barua ya adabu.

Nilianzia Meza ya Meno, nikakaa miaka miwili, na nilichojifunza hasa ni kwamba watu wazima hudanganya kuhusu mswaki. Nikahamishiwa Meza ya Mgongo na Viungo. Huko nilikaa sana, nikajua majina ya mifupa ambayo sikujua kwamba ninayo. Baadaye Msimamizi alinipeleka Meza ya Kumi na Moja, iliyokuwa kwenye kona karibu na mashine ya fotokopi, na ambayo kila aliyepelekwa aliuliza amekosa nini. Hiyo ndiyo ilikuwa meza ya magonjwa ya akili.

Tofauti ya meza hizi mbili niliiona wiki ya kwanza. Mgonjwa wa mgongo alileta barua ya mtaalamu wake, tukapitisha, akaendelea kunyooshwa mpaka aseme basi. Mgonjwa wa akili alipewa vikao vinane vya mazungumzo na mnasihi, kisha akasimamishwa hadi alete ripoti. Ripoti ilikwenda kwa Daktari Mshauri, mtu wa kampuni ambaye hakuwahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Ripoti ikisema mgonjwa anaendelea vizuri, Daktari Mshauri aliandika kwamba basi amepona, vikao visimame. Ikisema haendelei vizuri, aliandika kwamba basi tiba haisaidii, vikao visimame. Ilinichukua mwezi mzima kuamini kwamba nimeelewa sawasawa.

Nilimuuliza Msimamizi kwa nini mgongo haubanwi hivyo.

"Mgongo unaonekana kwenye picha," alisema.

"Na ambaye mgongo wake picha haioneshi kitu?"

"Huyo tunamwamini." Akavua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Usiniangalie hivyo, Anastazia. Mkataba sikuuandika mimi."

Mambo yalibadilika tulipopata mteja mkubwa, kampuni ya Kimarekani yenye viwanda vya mikate pande zote mbili za mpaka. Kule kwao kuna sheria inayoitwa ya usawa. Inasema kwamba bima ikikubali kulipia magonjwa ya akili, haiwezi kuyawekea masharti makali kuliko yale inayoyawekea magonjwa ya mwili. Hapa kwetu bima za makazini hazikuwa na sheria ya jina hilo, lakini kampuni ile iliandika kwenye mkataba kwamba wafanyakazi wake wote, wa kule na wa huku, wahudumiwe kwa kanuni moja. Kwa hiyo wachakataji wa ghorofa ya tisa tulilazimika kujifunza sheria ya nchi nyingine.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, chumba cha mikutano kisicho na madirisha. Mkufunzi alikuwa Mwanasheria wa Uzingatiaji, cheo ambacho maana yake ni mtu anayelipwa kuhakikisha wengine wanafuata sheria. Alikuwa mrefu, mpole, na soksi zake hazikuwahi kulingana. Alitufundisha kwamba vikomo ni vya aina mbili. Kuna vikomo vya idadi: vikao vingapi, siku ngapi za kulazwa. Hivyo hata mtoto anaviona. Halafu kuna vikomo visivyo na idadi: kudai idhini kabla ya tiba, kudai ushahidi wa maendeleo, kudai kwamba tiba ya bei ndogo ijaribiwe kwanza. Hivyo vinajificha kwenye taratibu za kila siku, na mwenye kuvitekeleza ni karani ambaye anaamini anafanya kazi yake tu.

"Kila ukikutana na sharti," alituambia, "litoe kwenye akili, ulipachike kwenye goti. Jisemee: ningemwambia mwenye goti bovu maneno haya? Kama ungeona aibu, sharti hilo ni haramu."

Jamaa mmoja wa Meza ya Dawa akauliza, na kama mwenye goti anasingizia je?

"Wangapi wa magoti umewauliza hivyo?"

Mwanasheria akaendelea na ukurasa uliofuata. Nilipenda somo lile kuliko nilivyowahi kupenda somo lolote shuleni. Mtihani wa mwisho nilikosa swali moja, na mpaka leo naamini swali ndilo lililokuwa na makosa. Baada ya miezi michache nilifanywa mkufunzi msaidizi: siku nne za juma nachakata madai, siku ya tano nawafundisha wengine. Sharti la vikao vinane lilifutwa kwa wateja wa mkataba ule. Barua ya mtaalamu ikatosha, kama ya mgongo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimelizungushia maneno mengi, na anayenifahamu atakuwa amegundua.

Ofisini kwetu, mtu akipiga simu hajui Kiingereza wala Kifaransa, anatafutiwa mkalimani wa kukodi. Lakini akiongea Kiswahili, wenzangu waliona mkalimani wa nini na Stacy yupo. "Stacy, watu wako," walikuwa wakisema, na simu ikaingia mezani kwangu. Nilijivunia jambo hilo, siwezi kukana.

Siku moja ikaingia simu ya mama mmoja mkazi wa Weston, Mkongo wa Uvira, aliyekuwa akipanga mikate kwenye mmoja wa vile viwanda. Nitamwita Mama Riziki. Daktari wa zahanati alikuwa amemshauri aende kwa mnasihi, akampatia mmoja mwenye kujua Kiswahili na Kifaransa. Kabla ya kuanza ilimbidi apige simu kwetu kufungua faili.

"Mama, unasikia Kiswahili?" aliniuliza.

Nikamwambia nasikia, aseme tu.

"Asante Mungu. Mama yangu alikufa kule Uvira, sikufika kumuzika. Tangu pale niko na mawazo mingi. Inanikula. Silale, sikule, kazini nasimama tu mbele ya mashini."

Mtu wa nje akitafsiri neno mawazo atasema ni fikra. Sisi tunajua mtu akisema ana mawazo, hasemi kwamba anafikiri. Madaktari wa nyumbani wana neno lao, sonona, zuri kwenye vitabu, ila sijawahi kumsikia mgonjwa akilitamka. Mgonjwa anasema ana mawazo, na anayemsikiliza anashusha pumzi.

Nikamuuliza kama anaumwa na kichwa.

"Hapana, mama. Kichwa ni muzima. Ni mawazo."

Ilinibidi niandike muhtasari wa simu kwa Kiingereza. Huo muhtasari ndio unaoamua faili litaenda meza gani. Nikaandika: maumivu ya kichwa ya mara kwa mara, na kukosa usingizi.

Niliandika hivyo kwa kumsitiri. Nilikulia mahali ambapo mtu mwenye adabu hasemi mbele za watu kwamba fulani kichwa chake si sawa. Utasema ana uchovu, ana malaria isiyoisha, amerogwa hata, lakini hilo jingine hulisemi, kwa sababu ukilisema limemganda yeye, watoto wake, na binti zake watakapotaka kuolewa. Mama Riziki alinidokeza pia kwamba msimamizi wa zamu yake kiwandani ni mtu wetu, wa Tanzania. Nikaona jina la mama huyu midomoni mwa watu, kanisani na kwenye sherehe. Nilijua fika kwamba mwajiri haruhusiwi kuona muhtasari ule. Nilikuwa nikilifundisha jambo hilo kila Ijumaa. Ila vidole vyangu havikuwa vimehudhuria mafunzo.

Nilipokata simu nilijiona nimetenda wema.

Faili likaenda meza ya magonjwa ya kawaida. Vikao vya kwanza vilipita bila kuulizwa. Kisha mnasihi akaandika barua: mgonjwa ana sonona kali, aendelee kila wiki. Kwenye Meza ya Kumi na Moja barua ile ingetosha. Kwenye meza ile nyingine karani, kijana mwangalifu ambaye hakukosea lolote, alilinganisha barua na muhtasari, akajibu kwa sentensi moja: tiba iliyoombwa hailingani na ugonjwa uliotajwa. Vikao vikasimama. Sheria ya usawa, mkataba, mafunzo ya siku tatu, vyote vilikuwapo na havikumsaidia, kwa sababu sheria hailindi ugonjwa ambao haukutajwa, na mimi ndiye niliyeukatalia kutajwa.

Haya yote sikuyajua mpaka siku moja nilipokuwa nachagua mafaili ya mfano kwa ajili ya darasa. Nilikuwa nachukua rufaa, yaani madai yaliyokataliwa na mwenyewe akapinga. La tatu lilikuwa na muhtasari wenye herufi za jina langu chini. Niliusoma nikiwa nimesimama. Nyuma yake kulikuwa na barua ya pili ya mnasihi. Aliandika kwamba mgonjwa ameshakosa vikao vitano, kwamba hawezi kujilipia, kwamba nafasi yake imebidi apewe mwingine, na kwamba yeye mnasihi anahofia uhai wake.

Mtu mwadilifu angetembea hatua ishirini hadi ofisini kwa mkuu wake. Mimi nilifungua droo, nikaliweka faili chini ya kikoi changu cha kujifunika kiyoyozi kikizidi.

Likakaa humo siku kumi na moja. Wiki ile nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kuwa Mkufunzi Mkuu, na nilijiambia nitalishughulikia baada ya usaili. Usaili ukapita. Nikajiambia nitatafuta namna ya kulihamisha faili kimyakimya bila jina langu kuonekana. Siku ya nane ikaingia taarifa fupi ya kuambatishwa: mgonjwa amelazwa hospitali. Niliisoma, nikaiambatisha, na bado nilikaa siku tatu nyingine. Watu wakinisamehe muhtasari, ambao ulikuwa ujinga wa dakika moja, sijui watanisamehe vipi siku zile tatu. Mimi mwenyewe sijajisamehe.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda. Msimamizi wangu wa zamani alikuwa ameshapanda, sasa ni Mkurugenzi wa Madai, na nywele zimekuwa nyeupe. Nikaliweka faili mezani, nikaeleza. Hakunikatisha. Simu zetu zilikuwa zikirekodiwa, akaitafuta ile kwenye kompyuta, akavaa vipokea sauti, akasikiliza mwanzo hadi mwisho huku nimekaa mbele yake. Ni yeye peke yake katika ngazi za juu aliyeweza kuielewa.

"Nimehesabu," alisema alipovua. "Amesema mawazo mara sita. Amesema kichwa ni kizima. Umeandika kichwa."

"Nilitaka kumsitiri."

"Alikuomba?"

Nikasema hapana.

Alilivuta faili upande wake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake, kwa sauti ile ile ya kazini.

"Mama yangu alikuwa na mawazo miaka mitatu, baada ya kufika hapa. Sisi watoto tukawa tunawaambia watu ana presha. Daktari naye tukamwambia presha. Alimeza dawa za presha miaka mitatu, Anastazia, na presha yake haikuwa na neno." Akalifungua faili. "Umewafanyia hivi wengine?"

Nikasema ndiyo, huenda. Walizisikiliza simu zangu zote za Kiswahili, na wakapata nyingine mbili za namna hiyo. Zikasahihishwa.

Nilitia saini tamko la kusahihisha kumbukumbu, karatasi ambayo karani anakiri kwamba alichoandika sicho alichoambiwa. Faili likahamishiwa Meza ya Kumi na Moja asubuhi ile ile, likapita kabla ya chakula cha mchana. Vikao vikarudishwa. Lakini nafasi kwa yule mnasihi haikuwapo tena, na Mama Riziki, alipotoka hospitali baada ya siku tisa, alisubiri wiki sita nyingine. Hayo niliyajua kwa karatasi tu. Nilipata barua ya onyo, nikaondolewa kwenye simu, na cheo cha Mkufunzi Mkuu nikakikosa kwa miaka miwili. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na sikumtafuta wa kunipa.

Mkurugenzi aliniachia darasa, kwa sharti kwamba faili lile nilifundishe, likiwa limefutwa majina. Nikalifundisha kwa miaka iliyobaki. Wanafunzi waliliita Faili la Kichwa. Kila mwaka alikuwapo mmoja aliyecheka na kuuliza huyu karani alikuwa mjinga kiasi gani. Nilikuwa nikijibu kwamba alikuwa karani mzoefu, mwenye alama nzuri. Sikuwahi kusema zaidi ya hapo.

Lililobaki la maana ni utaratibu tuliouanzisha mimi na Mwanasheria wa Uzingatiaji. Anayepokea simu anaandika kwanza neno la mgonjwa kama alivyolitamka, kwa lugha yake, herufi kwa herufi, ndipo anaeleza chini yake maana. Kwa hiyo leo katika mafaili ya kampuni moja ya Toronto kuna neno mawazo limeandikwa, na chini yake maelezo ya mistari miwili. Kuna maneno ya Kitamil na ya Kisomali pia, ambayo siyajui. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema chochote kuhusu anayemfichia mwenzake, na nadhani walimsahau.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini na tano. Walinipa keki, kadi yenye saini nyingi, na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Mkurugenzi, ambaye alishastaafu kabla yangu, alikuja kwa ajili ya sherehe tu. Mkufunzi mpya alitoa hotuba, akasema Stacy ameifundisha ghorofa nzima kusikiliza. Nilipiga makofi pamoja na wengine, kwa sababu anayepongezwa akikaa kimya watu huona vibaya.

Maswali ya vijana wanaoingia kwenye kazi hii ni yale yale: masomo gani, vyeti gani, mshahara unaanzia wapi. Nawajibu. Nawaambia pia wajifunze sheria vizuri, kwa sababu ni sheria nzuri, na kwamba lugha ya mama si sifa ya kazi mpaka uwe tayari kuandika kile usichopenda kukisikia katika lugha hiyo. Wananiitikia kwa heshima. Binti yangu huniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba nawatisha.

Mwaka jana mjukuu wa rafiki yangu alipata komunyo ya kwanza, na tukafanya sherehe katika ukumbi wa chini wa jengo lao huko Weston. Kulikuwa na Watanzania, Warundi, Wakongo, na sufuria za pilau zilizotosha kata nzima. Nilikuwa nasaidia kugawa vinywaji. Nikamuuliza mama mmoja aliyevaa kitenge cha buluu kama anataka soda au chai. Aliniangalia, kisha akaniomba niseme tena.

"Soda au chai, mama?"

"Ni weye," alisema. "Ni weye mama wa telefone. Ile sauti siwezi kuisahau."

Akanishika mikono yote miwili. Akawaambia waliokuwa mezani kwamba siku zile za ugonjwa wake, mama huyu ndiye peke yake kwenye bima nzima aliyemjibu kwa Kiswahili, na kwamba siku zote alitaka kumshukuru. Alikuwa amenenepa kidogo, uso umetulia. Alisema bado yuko kiwandani, sasa anasimamia mashine mbili.

Ningeweza kupokea shukrani ile nikaenda na trei yangu. Kiapo changu cha siri hakikunizuia, maana habari zilikuwa zake mwenyewe. Nikamwomba tutoke kidogo, tukasimama koridoni karibu na lifti, na nikamwambia yote: nilichokiandika, nilivyoacha alichokisema, vikao vilivyosimama kwa ajili hiyo, droo, siku kumi na moja. Nilimwambia sikuwa na udhuru.

Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Nilimtarajia anitukane, na nilikuwa tayari. Lifti ikafika, ikafunguka bila mtu, ikafungwa.

"Wakati walikatala kulipa," alisema taratibu, "mi nilijisemea, ule mama ni wa Tanzania, Kiswahili yangu ya Congo haikumuingia. Nilijisemea ni mi sikusema muzuri. Hata kule opitali nikawa naogopa kusema. Nikakaa kimya siku nne, docteur anauliza, mi kimya, kwa sababu nilijua ata nikisema, hawatasikia."

Akaniangalia usoni.

"Kumbe ulinisikia."

Nikamwambia ndiyo. Nilimsikia.